Kupaka sare za mabaka kwenye askari wa modeli

Askari wangu wa kwanza wa mabaka alitoka kama ng'ombe. Nilimpaka kijani, nikasubiri ikauke, kisha nikamchapa madoa ya kahawia na meusi popote mkono ulipotua. Rangi zenyewe hazikuwa na kosa. Nilifuata karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi neno kwa neno. Lakini ukimtazama, huoni mtu aliyevaa nguo, unaona plastiki yenye madoadoa. Nilipaka sanamu kama sita ndipo nikagundua tatizo: nilikuwa napaka madoa, na kilichotakiwa kupakwa ni kitambaa. Kombati ni shati na suruali kwanza. Ina mikunjo, ina mishono, inapauka magotini, ina kivuli kwapani. Mabaka yamechapwa juu ya hayo yote.

Maelezo haya ni ya skeli ya 1/35, yaani askari wa urefu wa sentimita 5 hivi, kwa brashi na rangi za akriliki. Skeli nyingine nitazigusa njiani.

Hatua ya 1: Ijue nguo kabla ya kufungua rangi

Tafuta picha za nguo halisi, na ukiweza upate ya nguo iliyotandazwa mezani na ya askari aliyeivaa. Usianzie kwenye picha ya modeli aliyopaka mtu mwingine, maana utarithi makosa yake.

Kila mtindo wa mabaka una tabia yake, na jicho huitambua tabia hiyo kabla halijapima rangi. Splittermuster ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1931 kwenye vitambaa vya hema vya pembetatu, ni vipande vyenye kona kali kama kioo kilichovunjika, kijani na kahawia juu ya msingi uliofifia, na juu yake vimistari vifupi vya kijani vinavyoshuka kama mvua. Ukizizungusha zile kona, hata uwe na rangi iliyochanganywa na malaika, hiyo si Splittermuster tena. DPM ya Uingereza inajulikana kwa nyeusi yenye kingo zilizochanikachanika, kana kwamba mtu alipitisha brashi iliyokaukiwa rangi. Flecktarn ya Ujerumani ya leo ni rangi tano za vidoa vilivyorundikana, vingine vimejitenga kama makombo. Mistari ya simbamarara iliyovaliwa vita vya Vietnam imelala kukizunguka kifua. Mabaka ya "mjusi" ya Ufaransa, yaliyokwenda Indochina na Algeria, nayo yamelala, ilhali yale Ureno iliyoyavalisha majeshi yake Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji yamesimama wima. Ukikosea mwelekeo huo mmoja, umebadilisha jeshi zima.

Halafu kuna ukubwa, na hapa ndipo wengi tunapotelezea. Woodland ya Marekani ya mwaka 1981 ni mtindo wa zamani wa Wamarekani haohao uitwao ERDL, uliobuniwa mwaka 1948, ukakuzwa kwa asilimia 60. Rangi zinafanana sana. Ukimpaka Mmarekani wa vita vya Vietnam, aliyevaa ERDL, kwa mabaka ya ukubwa wa Woodland, anayejua atakusuta kabla hajafika usoni pa sanamu.

Kwa hiyo piga hesabu. Baka la upana wa sentimita 10 kwenye nguo halisi ni karibu milimita 3 kwenye skeli ya 1/35, milimita 1.4 kwenye 1/72, na milimita 6 na kidogo kwenye 1/16. Mimi huchora mistari ya vipimo hivyo kwenye kipande cha karatasi na kukiweka kando ya sanamu wakati napaka. Unaonekana ujinga mpaka siku utakapokiacha na kukuta mabaka yamevimba kutoka begani hadi mguuni, kwa sababu mkono uliochoka hupaka makubwa zaidi.

Nukta ya sentimita 1, kama zile ndogo za mabaka ya "njegere" ya Wajerumani ya mwaka 1944, inapaswa kuwa milimita 0.3. Mkono wangu hufika 0.4 siku ukiwa umetulia, na sioni aibu kusema nukta zangu zote ni kubwa kidogo kuliko inavyopaswa. Uongo mdogo unaofanana kila mahali hausumbui jicho.

Hatua ya 2: Andaa sanamu

Kwangua mistari ya kalibu, yaani vijituta vilivyobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana, kwa makali ya kisu, malizia na msasa laini. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iache ikauke, pulizia rangi ya kwanza ya kushikia, ya kijivu. Bandika sanamu kwenye kizibo cha chupa ili usiishike kwa vidole. Kama bunduki na mkoba vinaziba kifua, vipake kando na kuvigundisha mwishoni.

Hatua ya 3: Paka msingi, na uuache mwanga ukae

Nachukua Woodland kama mfano, kwa sababu rangi zake nne zinafundisha karibu kila kitu: mchanga, kijani, kahawia na nyeusi.

Anza na mchanga mwili mzima. Wapo wanaoanza na kijani kwa sababu ndiyo iliyotapakaa zaidi, halafu wanaongeza vidoa vya mchanga juu. Nimejaribu njia hiyo na nimeiacha. Rangi za mchanga hufunika vibaya. Kila kidoa kitadai mikono mitatu ya rangi, na mwisho kitakuwa na unene unaoonekana kama tone la nta. Ukianza na mchanga, mchanga haupakwi tena. Unaachwa. Kazi yako inakuwa kuzungushia zile rangi nyingine na kubakiza visiwa.

Zimua rangi kwa maji mpaka iwe kama maziwa, upake mara mbili au tatu, kila mkono ukauke. Kabla ya kuendelea, changanya msingi huo na kahawia kidogo na uupitishe kwenye mabonde makubwa ya mikunjo: kwapani, nyuma ya goti, ndani ya kiwiko, chini ya mshipi. Usihangaike kulainisha, kwani sehemu kubwa itafunikwa. Kazi ya vivuli hivi ni kukuonyesha njia, ili utakapoanza mabaka usipoteze ramani ya mikunjo.

Jambo moja kuhusu rangi zenyewe: zipunguze ukali zote. Kijani kilekile kinachoonekana sawa kwenye shati la mtu mzima kinakuwa kizito na cheusi kwenye kitu cha sentimita 5. Tone moja la mchanga kwa matone saba au manane ya kila rangi linatosha kwa 1/35. Kwa 1/72 ongeza kidogo. Kwa kuwa mchanga huohuo umeingia kwenye kila chupa, rangi zako zitapatana zenyewe, kama nguo zilizofuliwa beseni moja. Na nyeusi usitumie nyeusi kabisa. Tumia kijivu cheusi chenye kahawia ndani yake, ili pale penye kivuli ubaki na rangi moja nzito zaidi ya kutumia.

Hatua ya 4: Mabaka

Brashi kwanza. Watu hukimbilia namba 000 wakidhani brashi ndogo ndiyo yenye usahihi. Brashi hiyo haina tumbo. Inabeba rangi ya mpako mmoja, na rangi inakauka kwenye ncha kabla haijagusa sanamu. Chukua namba 1 au 0 ya nywele za asili yenye ncha inayokutana vizuri. Tumbo libebe, ncha ichore. Weka rangi kwenye paleti yenye unyevu, yaani karatasi ya kuokea juu ya tishu iliyolowa ndani ya kikopo bapa, na rangi itakaa saa nyingi bila kuganda. Kila unapochovya, gusisha brashi kwenye tishu kavu kabla ya kuipeleka kwenye sanamu.

Sasa mkono wa kulia wa shati, tuupake pamoja.

Chora mpaka wa baka la kijani kwa ncha, mstari mwembamba unaopinda kama ukingo wa ziwa kwenye ramani, kisha jaza ndani. Lipe baka mkono mmoja mrefu unaozunguka nyuma ya kiwiko. Mabaka ya Woodland si mayai. Yana vidole, yana ghuba. Kijani kichukue karibu nusu ya mkono. Acha ikauke. Kahawia inafuata: iingilie kwenye zile ghuba, ipande kidogo juu ya kijani hapa, iache uzi wa mchanga pale. Ukishamaliza rangi hizi mbili, mchanga uwe umebaki visiwa vichache tu, vingine vyembamba kama kamba. Nyeusi ndiyo ya mwisho nayo ndiyo yenye kuharibu. Iwe chache, na iwe kama matawi: shina fupi lenye vijiti viwili vitatu, likipita juu ya kijani na kahawia bila kujali mipaka yao. Baka jeusi la mviringo ndilo lililomfanya askari wangu wa kwanza kuwa ng'ombe.

Ukifika kwenye mfuko wa bega au wa kifua, simama. Fundi cherehani haangalii mabaka. Anakata vipande kutoka sehemu mbalimbali za jora na kuvishona pamoja, kwa hiyo baka linalofika kwenye mshono linakatika hapohapo, na upande wa pili kinaanza kitu kingine kabisa. Kifuniko cha mfuko hakilingani na mfuko. Ukosi haulingani na kifua. Mkono haulingani na bega. Mabaka yanayovuka mshono bila kukatika ndiyo yanayoifanya sanamu ionekane imechovywa kwenye ndoo ya rangi. Huu ndio ujanja wa bei nafuu kuliko yote kwenye kazi hii, hauhitaji kipaji chochote, na bado naukuta umesahauliwa hata kwenye sanamu zilizopakwa kwa mkono wa ajabu. Mwelekeo nao unafuata kipande: ile mvua ya Splittermuster hushuka kando ya mkono wa shati, na askari akinyoosha mkono mbele, mvua inalala pamoja na mkono.

Fanya kazi kwa kuzunguka. Usimalize kifua chote kisha ukageukia mgongo, kwa maana mgongo utakuwa na mtindo wako wa saa tatu usiku. Paka kijani mwili mzima, pumzika, kahawia mwili mzima, pumzika.

Kwa mitindo mingine mpangilio unabadilika kidogo. Splittermuster inapenda mistari iliyonyooka, kwa hiyo vuta ncha kwa mpako mmoja na usirudie. Mvua iache mpaka mwisho kabisa, na rangi yake iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Koti la Denison la askari wa miavuli wa Uingereza kwenye vita kuu ya pili ndilo rahisi kuliko yote: matoleo ya mwanzo yalipakwa kwa mkono na brashi pana, kwa hiyo unachofanya ni kilekile walichofanya wao, na kingo zilizokwaruzika ni sahihi. Sare ya jangwani ya rangi sita ya Marekani, iliyoonekana sana kwenye vita vya Ghuba vya mwaka 1991, ina vikokoto vyeusi vyenye weupe pembeni. Weka kidoa cheusi, kisha ukingo wake mweupe upande mmoja tu. Ukikizungushia chote kitageuka jicho.

Na zile za kidijitali? Vimraba vya MARPAT, mabaka ya Marines wa Marekani, kwenye 1/35 vinashuka chini ya kile ambacho brashi inaweza. Usijaribu kuvichora kimoja kimoja. Paka mabaka ya kawaida, kisha chakaza kingo zake kwa vigusio vidogo vya ncha, vingine vimejitenga, vyote vikilala usawa au kusimama wima. Ukiirudisha sanamu umbali wa mkono, jicho litamalizia lenyewe. Kwenye 1/16 unaweza kuchora vimraba, kama una subira ya kutosha. Kwenye 1/72 rangi tatu zinatosha kwa mtindo wowote.

Hatua ya 5: Rudisha kitambaa

Hapa sanamu itakuchukiza. Mabaka yamekaa vizuri lakini mwili umekuwa bapa, mikunjo imemezwa. Mabaka yalibuniwa kuvunja umbo la mtu, na kwenye sanamu ndogo yanafanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi. Wengi huishia hapa na kupuliza vanishi. Usiishie hapa.

Anza na vivuli. Changanya kahawia nzito na tone la bluu nzito, uzimue kwa maji sehemu nane mpaka kumi, uwe utando tu wa rangi, si rangi. Futa brashi kwenye tishu mpaka ikaribie kukauka. Sasa angalia mkono wako: anza mpako juu ya mgongo wa mkunjo na uuvute kuelekea bondeni, kisha uinue brashi bondeni. Rangi hubaki nyingi pale brashi inapoinuka. Ukivuta kinyume, kivuli kitakaa juu ya mgongo na nguo itageuka ndani nje. Mpako wa kwanza hutauona. Wa tatu utauona. Wa tano unatosha. Ukiona duara lenye kingo nzito, brashi ilikuwa na maji mengi. Linyonye haraka kwa brashi safi yenye unyevu.

Uzuri wa utando huu ni kwamba unapita juu ya rangi zote nne kwa pamoja, hivyo kivuli kinaziunganisha. Mwanga hauna njia ya mkato hiyo. Kila baka lazima liinuliwe kwa rangi yake: kijani na mchanga kidogo juu ya kijani, kahawia na mchanga juu ya kahawia, nyeusi kwa kijivu-kahawia kidogo sana. Lakini si kila mahali. Chagua migongo ya mikunjo inayotazama juu, mabega, juu ya goti, kiwiko, kingo za vifuniko vya mifuko. Pale ambapo mgongo mmoja unapita kwenye kijani, kahawia na mchanga, utapaka vimistari vitatu vya rangi tatu vilivyopangana kwenye mstari mmoja, na ghafla mkunjo utajitokeza. Kwangu hiyo ndiyo dakika tamu kuliko zote katika kazi nzima.

Kisha chora mishono kwa kahawia nyeusi iliyozimuliwa: kuzunguka mfuko, ukosi, mstari wa vifungo, mahali shati linapokutana na mshipi. Mstari uwe mwembamba, ukatike hapa na pale.

Sasa chukua simu, piga picha, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka utaona ukweli. Kama kwenye picha hiyo unaona bado mkono, goti na mikunjo, umemaliza. Kama unaona madoa tu, rudi kwenye vivuli. Mimi hurudi karibu kila mara, kwa sababu usiku huwa naogopa kuitia giza kazi niliyoihangaikia.

Hatua ya 6: Nguo iliyovaliwa

Kombati mpya kutoka stoo na kombati ya miezi sita porini si nguo moja. Kwa iliyochakaa, pitisha utando wa mchanga, mwepesi sana, magotini, viwikoni, mabegani panapokaa mikanda ya mkoba, na matakoni. Hata shati na suruali za mtu mmoja zinaweza kupauka tofauti, na tofauti hiyo ndogo humfanya askari aonekane ana historia. Chini ya suruali weka rangi ya udongo uleule utakaoutumia kwenye kitako cha sanamu.

Mshipi, mikanda na mikoba ipake rangi moja tulivu. Jicho linahitaji mahali pa kupumzika katikati ya vurugu yote hiyo. Kofia ya chuma yenye kitambaa cha mabaka inafuata kanuni zilezile, ila kitambaa chake kimekazwa, hivyo mikunjo ni michache na iko pembeni.

Hatua ya 7: Vanishi

Isiyong'aa kabisa, tabaka mbili nyembamba, kutoka sentimita 25 hivi kama ni ya kopo la kupuliza. Ukiona mng'ao wowote kwenye nguo, sanamu itarudi kuwa plastiki. Usipulize siku yenye unyevu hewani. Niliwahi kupuliza mvua ikinyesha nje, nikaacha sanamu dirishani na kwenda kulala. Asubuhi wiki mbili za kazi zilikuwa zimefunikwa na ukungu mweupe usiofutika. Tangu hapo kila vanishi naipulizia kwanza kwenye kizibo cha chupa kilichopakwa nyeusi, nasubiri dakika 20, na kikibaki cheusi ndipo sanamu inaletwa.

Macho, buti zilizong'arishwa kidogo na kioo cha darubini vinapakwa baada ya hapo, ili mng'ao wao usizimwe.